Kumtolea Mungu Ujuzi Ulio Nao: Mambo ya Kupanga Kabla ya Kusema "Nipo Tayari"

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Katika Hesabu 7 kuna habari ambayo wengi huiruka kwa sababu sura yenyewe ni ndefu na imejaa orodha. Wakuu wa Israeli walileta magari 6 na ng'ombe 12 kwa ajili ya kazi ya hema ya kukutania. Musa hakuyagawa sawasawa kwa koo tatu za Walawi waliobeba hema hiyo. Wana wa Gershoni, waliobeba mapazia na vifuniko, walipewa magari 2 na ng'ombe 4. Wana wa Merari, waliobeba mbao, nguzo na vitako vyake, walipewa magari 4 na ng'ombe 8. Wana wa Kohathi hawakupewa hata gari moja, maana vyombo vitakatifu vilivyokuwa chini yao vilipaswa kubebwa mabegani. Sadaka ile ilikuwa njema tangu ilipoletwa, lakini ilianza kufaa pale ilipolinganishwa na mizigo: ni upi, uzito wake kiasi gani, na nani anaubeba.

Mafundisho mengi kuhusu kumtumikia Mungu kwa vipawa huishia kwenye moyo wa kujitoa. Moyo ndio wa kwanza, hilo halina ubishi. Ila makanisani wapo waumini wengi wenye moyo huo, walishasema "nipo tayari" zamani, na hadi leo hawajapewa la kufanya. Wapo pia waliopewa, wakafanya kwa bidii, wakachoka, wakaacha kimyakimya. Kwa wengi wao upendo kwa Mungu haukupungua. Hakuna aliyekaa nao akapanga kazi.

Kwanza niwatie moyo wanaodhani ujuzi wao ni mdogo mno kuitwa huduma. Bezaleli, fundi wa hema ileile, katika Kutoka 31 anatajwa kuwa amejazwa roho ya Mungu, na kinachofuata mara moja ni dhahabu, fedha, shaba, kuchonga vito na kuchora mti. Katika Kutoka 35 inaongezwa kwamba yeye na Oholiabu, msaidizi wake, walitiwa moyoni uwezo wa kuwafundisha wengine, jambo nitakalolirudia. Wapo wanawake waliosokota singa za mbuzi kwa mikono yao. Dorkasi wa Yafa alikumbukwa na wajane waliosimama wakilia na kuonyesha nguo alizowashonea. Waraka kwa Warumi uliandikwa kwa mkono wa Tertio, na yeye mwenyewe anatoa salamu zake katika sura ya 16. Mtu wa mwandiko mzuri na subira, basi, yumo ndani ya Maandiko kwa kazi hiyohiyo.

Andika unachoweza, kwa vitendo

Chukua karatasi. Usiandike vyeo kama "mwalimu", "fundi" au "mhasibu". Andika vitendo: nafundisha kusoma watoto wa miaka 6 hadi 8, nashona nguo zisizo na mikato migumu, napanga safari ya watu 30 bila mtu kuachwa, nasikiliza mtu kwa saa nzima bila kumkatiza, nazungumza lugha mbili na kuzitafsiri papo hapo. Cheo kinaficha mengi. Mwalimu wa sekondari huenda hawezi kabisa kukaa na watoto wadogo, na kijana asiye na cheti chochote akawatuliza kwa dakika mbili.

Mbele ya kila kitendo weka alama moja kati ya tatu: naweza peke yangu, naweza nikisimamiwa, au naweza kumfundisha mwingine. Kisha andika kifaa kinachohitajika na kama ni chako. Ukimaliza, wape karatasi watu wawili waliokuona ukifanya kazi hizo, wafute wasichokubaliana nacho na waongeze ulichosahau. Hatua hii watu huiona aibu, lakini ndiyo inayookoa. Tunapenda kuyaandika tunayoyatamani, na tunasahau tunayoyafanya vizuri kwa sababu hayatusumbui. Anayekumbuka majina ya watu baada ya kuyasikia mara moja haoni kama ana kitu, na kumbe mgeni anayeingia kanisani mara ya pili na kuitwa kwa jina lake hasahau.

Halafu muda. Juma lina saa 168. Ondoa usingizi, kazi ya riziki, safari za kwenda na kurudi, chakula, familia, ibada na mapumziko. Kwa watu wazima wengi kinachobaki ni saa chache tu. Usitoe zote. Toa nusu ya kilichobaki, kwa sababu nusu nyingine italiwa na ugonjwa, msiba au mvua. Na unapohesabu, hesabu maandalizi. Darasa la watoto la dakika 45 linataka saa moja na nusu hadi mbili za kujiandaa ukilifanya kwa uaminifu. Anayeahidi "dakika 45 kila Jumapili" ameahidi asichokijua, na baada ya miezi miwili ataanza kufundisha bila kujiandaa. Paulo anaandika katika 2 Wakorintho 8:12 kwamba nia ikiwepo, kinachokubaliwa ni kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Mstari huo unahusu fedha, nami naamini unafaa kwa saa pia.

Mazungumzo na kiongozi

"Mchungaji, mimi nipo tayari kwa lolote" ni sentensi ya unyenyekevu, lakini inamwachia kiongozi kazi ya kukufikiria, naye ana watu wengi wa kuwafikiria. Sema hivi: "Mchungaji, najua kutunza daftari la mahesabu. Nina saa mbili kila Jumamosi asubuhi kwa miezi mitatu ijayo. Kuna mahali zinahitajika?" Hapo anaweza kujibu ndiyo, hapana, au "hesabu zina watu, ila vijana wanahitaji mtu wa kuwafundisha hesabu za shule". Jibu la tatu ndilo hutokea mara nyingi, na ni jema.

Miezi mitatu ya kwanza ninaisisitiza. Huduma isiyo na tarehe ya mwisho haina mlango wa heshima wa kutokea, kwa hiyo mtu akichoka hutoroka. Tarehe ikifika mnakaa, mnaulizana, mnaendelea au mnabadilisha.

Kabla ya kuanza, kubalianeni kwa maandishi, hata kama ni nusu ukurasa: kazi yenyewe ni ipi na inaishia wapi, siku na saa, unaripoti kwa nani, vifaa ni vya nani, vikiharibika nani anatengeneza, na gharama za vitu vya kununua zinatoka wapi. Hilo la mwisho ndilo limevunja urafiki mwingi kanisani. Fundi anajitolea kupaka rangi ukumbi, na kila mtu anadhani rangi ni sehemu ya sadaka yake. Au yeye anadhani kanisa litarudisha fedha zake, naye hakutunza risiti. Sadaka ya nguvu ni kitu kimoja, sadaka ya vifaa ni kingine. Akitaka kutoa vyote viwili ni haki yake, ila alitamke mwanzoni. Vinginevyo kanisa linunue vifaa kabla kazi haijaanza, au litoe fedha kwa risiti ndani ya muda uliokubaliwa.

Na ikiwa ujuzi huo ndio riziki yako? Katika Matendo 18 Paulo anaishi kwa Akila na Prisila huko Korintho na kushona mahema pamoja nao, akijitegemea. Katika Wafilipi 4 anashukuru kwa msaada aliotumiwa zaidi ya mara moja alipokuwa Thesalonike. Njia zote mbili ni halali. Anayefanya kazi ya kanisa kwa malipo ya haki hajapungukiwa kiroho, na anayejitolea asijione bora kuliko yeye. Kosa ni kuanza kama sadaka na kumaliza kama deni. Amua kabla hujashika chombo.

Kazi chache kwa undani

Nitaanza na kuhesabu sadaka, kwa sababu hapo ndipo uaminifu wa mtu mwema unaweza kutiliwa shaka bila kosa lake. Paulo alipopeleka changizo Yerusalemu hakwenda nalo peke yake. Alichukua watu waliochaguliwa na makanisa, akaeleza kwamba anaangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Kwa vitendo: wahesabuji wawe wawili au watatu, wasiwe wa nyumba moja. Fedha isihamishwe na mtu mmoja, hata kwa hatua 20 kutoka madhabahuni hadi ofisini. Ipangwe kwa noti na sarafu za aina moja moja, kila mtu ahesabu kivyake bila kutaja jumla, kisha mlinganishe. Zikitofautiana, rudieni wote, msikubaliane kwa kukisia. Jumla iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, wote watie sahihi hapohapo kabla ya kuondoka, na nakala moja ibaki kwa mtu mwingine asiye mweka hazina.

Kosa la kawaida ni kuchukua fedha ya matumizi kwenye kapu kabla ya kuandika: mafuta ya jenereta, nauli ya mgeni, maji ya kunywa. Hakuna aliyeiba, ila mapato hayo na matumizi hayo yamepotea kwenye vitabu kwa pamoja, na mwisho wa mwaka hakuna anayeweza kueleza. Fedha yote iandikwe kwanza, ipelekwe benki nzima, na matumizi yatoke kwa utaratibu wake. Anayehesabu asiwe ndiye anayeandika vitabu, na anayeidhinisha matumizi asiwe ndiye anayelipa. Utaratibu huu ni ngao ya mhesabuji mwenyewe. Siku swali likiulizwa, jibu limeshaandikwa.

Mitambo ya sauti nayo inataka mtu mtulivu. Kuwasha: anza na miksa (meza ya kuchanganyia sauti) na vyombo, amplifaya (kikuza sauti) iwe ya mwisho. Kuzima: amplifaya iwe ya kwanza. Ukigeuza mpangilio huo spika hupiga mshindo, na mishindo ikirudiwa huziua polepole. Maiki ikianza kupiga mluzi, sababu ni kwamba sauti ya spika inarudi kwenye maiki, inakuzwa tena, inazunguka. Watu hukimbilia kupunguza sauti yote. Tazama kwanza spika zilipokaa: ziwe mbele ya msemaji, zikielekea kwa watu, naye awe nyuma ya spika hizo. Kisha msogezee maiki karibu na mdomo, sentimita 5 hadi 10, ili usihitaji kuiongezea nguvu. Na mwimbaji akikumbatia kichwa cha maiki kwa kiganja, mwelekeze kwa upole ashike mpini, maana kiganja kinabadilisha namna maiki inavyopokea sauti na kuleta mluzi. Waya usizungushe kwenye kiwiko. Unazisokota nyuzi za ndani hadi zikatike. Kunja duara pana kwa kufuata mkunjo wa waya wenyewe, funga kwa kamba laini, andika urefu wake kwenye kipande cha utepe. Fundi mitambo anayefika saa moja kabla ya ibada, akajaribu kila maiki kwa sauti halisi ya mtu na si kwa kuigonga kwa kidole, amehubiri kabla ya mhubiri.

Kwa mshonaji aliyeombwa majoho ya kwaya: usipime kila mtu na kumshonea lake. Wanakwaya huingia na kutoka, na baada ya mwaka utakuwa na majoho yenye majina ya watu wasiokuwepo. Shona saizi nne au tano, kila joho liwe na namba ndani ya kola. Nunua kitambaa chote kutoka jora moja au majora ya rangi iliyotiwa mara moja, kwa sababu rangi hutofautiana kidogo kati ya majora na taa za ukumbini huionyesha tofauti hiyo vizuri kuliko dukani. Nunua pia cha majoho mawili ya ziada. Kama ni pamba, kifue na kukikausha kabla ya kukata, kisipungue baada ya kushonwa. Kifuani acha nafasi ya sentimita 20 hivi juu ya kipimo cha mwili, maana mwimbaji anavuta pumzi na kuinua mikono. Upindo wa chini uwe wa sentimita 5 au 6 uweze kuteremshwa kwa mtu mrefu.

Mkalimani wa mahubiri aombe mistari ya Biblia siku moja kabla, aisome kutoka Biblia ya lugha anayotafsiria badala ya kuitunga upya jukwaani. Wakubaliane na mhubiri asimame baada ya wazo kamili, si baada ya kila maneno matatu, wala asiachie aya nzima. Mkalimani hutumia "mimi" mhubiri anaposema "mimi". Akisema "anasema kwamba" kila mara, wasikilizaji hupotea. Baada ya dakika 20 hadi 30 akili huchoka na makosa huanza bila yeye kujua, kwa hiyo wawe wawili wa kupokezana. Anayetafsiri kwa lugha ya alama asimame karibu na mhubiri, mwanga umwangukie usoni, avae nguo isiyo na maua na yenye rangi tofauti na ngozi ya mikono yake, na viziwi wapewe viti vya mbele visivyozibwa na mtu.

Kutembelea wagonjwa ni ujuzi pia. Uliza kwanza kama wanataka mgeni. Nawa mikono. Keti, usisimame juu ya mtu aliyelala. Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Usitoe ushauri wa dawa, usimwahidi uponyaji kwa tarehe, na usimsimulie habari ya jirani aliyeugua hivyohivyo. Omba kwa ufupi na kwa sauti ya kawaida. Uliyoyaona na kuyasikia yabaki humo, hata kama unayataka kwa "maombi ya kikundi". Muulize mwenyewe kwanza.

Watoto: watu wazima wawili daima, mlango wazi au wenye kioo, daftari la mahudhurio, na kila mtoto akabidhiwe kwa aliyemleta. Kazi ya umeme aifanye aliyesomea tu. Dereva aliyekesha kwenye maombi asiendeshe asubuhi, hata akisema anajisikia vizuri.

Yanayoharibika, na sababu zake

Linaloonekana zaidi ni mtu mmoja kubeba kila kitu. Huanza vizuri: anafanya kwa ubora, anaongezewa, hakatai. Baada ya muda yeye ndiye mwenye funguo, nywila, namba za mafundi na orodha ya wanachama. Siku akiugua, kanisa linasimama. Yethro, mkwe wa Musa, alimwambia Musa wazi katika Kutoka 18 kwamba atachoka yeye na watu walio pamoja naye, na dawa ilikuwa kugawa: wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini, wa makumi. Mitume katika Matendo 6 walipoona wajane wa Wayahudi wa Kiyunani wanasahauliwa, hawakuahidi kuongeza bidii. Walitaka watu 7 wachaguliwe. Kama una kazi tatu kanisani, chagua ya kukabidhi mwezi huu.

La pili: ujuzi uliotolewa kwa Mungu kugeuzwa mali ya kila muumini. Fundi wa kompyuta wa kanisa huletewa simu za nyumba 15 kila Jumapili, na anayeleta anaona ni haki yake. Kiongozi aliseme jambo hili mbele ya watu, si fundi mwenyewe. Kazi ya kanisa ni ile iliyoandikwa. Nyingine zina bei yake.

La tatu ni kazi mbovu kuvumiliwa kwa sababu ni ya bure. Wakolosai 3:23 inataka lolote tufanyalo lifanywe kwa moyo kama kwa Bwana, kwa hiyo kumrekebisha anayejitolea ni kumheshimu. Mrekebishe faragha, mapema, kwa jambo moja mahususi: "Jumapili mbili zilizopita karatasi za nyimbo zilichelewa, tufanye zifike Ijumaa." Ukinyamaza miezi sita kisha ukamwondoa, umemkosea mara mbili.

Lipo pia lisiloonekana: mtu anatumika hadi hapati kuabudu. Yuko kwenye mitambo, jikoni, mlangoni, na hajakaa kusikiliza neno kwa miezi. Zamu ziwe na Jumapili ya kupumzika angalau moja kwa mwezi, na msimamizi ahakikishe mtu huyo hakuonekana na waya mkononi siku hiyo.

Kukabidhi

Walawi walipofika miaka 50 waliacha kazi nzito, lakini Hesabu 8 inasema waliendelea kuhudumu pamoja na ndugu zao katika kulinda. Hawakutupwa, wala hawakung'ang'ania. Na kwa kuwa Bezaleli alipewa kufundisha pamoja na kufanya, anza kumwandaa wa kukupokea mapema, si siku unayohama. Zamu ya kwanza akutazame huku ukieleza sababu ya kila hatua. Zamu mbili au tatu zinazofuata afanye yeye ukiwa pembeni, mikono mfukoni. Hapa wengi hushindwa, wanampokonya chombo mara anapositasita. Kisha afanye peke yake, nawe uwe ibadani kama muumini mwingine, ukipatikana akikuhitaji.

Mwachie daftari lenye mambo haya: hatua za kazi kwa mpangilio wake, orodha ya vifaa na mahali vinapokaa, kilichoharibika na tarehe yake, fundi wa kumwita, na nywila ndani ya bahasha iliyofungwa kwa kiongozi. Kagueni vifaa mkiwa pamoja, kimoja kimoja, mtie sahihi wote wawili, na kiongozi ataje jina la mpokeaji kwenye matangazo ya Jumapili hiyo ili watu waache kukupigia simu wewe.